Je, wanafunzi wa India waliandamana kudai nafasi zilizotengwa vyuoni, au kuzipinga?

Maalim wa Shela

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule moja ya sekondari ya hapa Lamu, na ndiye msimamizi wa chama cha mdahalo. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne, wakisaidiwa na wenzao wawili walioko chuo kikuu, wanaandika ombi la kutaka vyuo vikuu vya umma vitenge nafasi maalumu za udaktari, uhandisi na sheria kwa watoto wa sehemu zilizoachwa nyuma. Hoja yao ya kwanza ni ibara ya 56 ya Katiba ya 2010, inayoitaka serikali iyapatie makundi madogo na yaliyotengwa fursa maalumu katika elimu. Hoja hiyo sina tatizo nayo.

Hoja yao ya pili ni India. Wameandika kwamba wanafunzi wa huko walioonewa kwa sababu ya tabaka la kuzaliwa waliandamana mpaka wakatengewa nafasi vyuoni. Nimejaribu kuthibitisha jambo hilo, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoona kwamba wengi wa wanafunzi waliojaa barabarani walikuwa wakizipinga nafasi hizo. Sipendi watoto hawa wasimame mbele ya wakubwa wakiwa na ushahidi unaowageuka. Naomba mwenye kuijua habari hii anieleze ni nani aliyeandamana, lini, na kwa kudai nini. Naomba pia maoni kama mfano huo unatufaa sisi wa pwani hii.

Binti Siyu

Waaleikum salaam, Maalim. Wasiwasi wako una msingi. Nilisoma India miaka minne, nikiwa miongoni mwa wanafunzi wa kigeni ambao huwekewa nafasi za ziada nje ya hesabu ya wenyeji, kwa hiyo ugomvi huu niliutazama kama jirani asikiaye kelele za nyumba ya pili: haukunigusa, lakini haukuniacha nilale.

Nafasi hizo hazikuletwa na maandamano ya wanafunzi. Asili yake ni ya zamani zaidi. Mwaka 1902 Shahu, mtawala wa Kolhapur, dola ndogo ya magharibi mwa India, alitenga nusu ya kazi za utawala wake kwa ajili ya jamii zilizokuwa nyuma. Baadaye akaja B. R. Ambedkar, aliyezaliwa 1891 katika jamii ya Wamahar waliohesabiwa kuwa najisi, ambaye shuleni hakuruhusiwa hata kugusa chombo cha maji ya kunywa, na ambaye hata hivyo alisoma hadi vyuo vikuu vya Columbia, Marekani, na London kisha akaiongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India. Katiba hiyo ilianza kutumika tarehe 26 Januari 1950, na ibara yake ya 17 ikaharamisha desturi ya kumhesabu binadamu kuwa najisi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ilibatilisha utaratibu wa jimbo la Madras wa kugawa nafasi za vyuo vya tiba na uhandisi kwa jamii, na Bunge likajibu mwaka huohuo wa 1951 kwa kuongeza kifungu cha 4 katika ibara ya 15, kinachoruhusu hatua maalumu kwa walio nyuma. Kwa hiyo waandike watunga sheria, mahakama na vuguvugu la jamii zenyewe. Wasiandike maandamano ya wanafunzi.

Maandamano makubwa ya wanafunzi yaliyojulikana duniani yalikuwa ya upinzani, kama ulivyosoma. Mwaka 1981 wanafunzi wa tiba wa Ahmedabad walipinga nafasi zilizotengwa katika masomo ya uzamili, na ghasia zikaenea katika jimbo la Gujarat. Tarehe 7 Agosti 1990 Waziri Mkuu V. P. Singh alitangaza kwamba atatekeleza ripoti ya tume ya B. P. Mandal, iliyokuwa imelala tangu 1980, kwa kutenga asilimia 27 ya kazi za serikali kuu kwa matabaka mengine yaliyo nyuma, yaani ya chini lakini yasiyohesabiwa kuwa najisi. Delhi ikawaka. Mwanafunzi mmoja, Rajiv Goswami, alijitia moto tarehe 19 Septemba; yeye alinusurika, ingawa afya yake haikurudi na alifariki 2004, lakini wengine waliomfuata walikufa wakiwa bado vijana. Siwezi kuwadharau watoto wale. Waliamini kwamba mlango wa riziki unafungwa mbele ya macho yao, na mtu anayefika kujichoma moto hatafuti sifa.

Wimbi la mwisho la namna hiyo lilikuwa la 2006, wakati Waziri Arjun Singh alipotaka asilimia 27 iingizwe pia katika vyuo vya serikali kuu, zikiwemo taasisi za teknolojia na taasisi kuu ya tiba ya Delhi. Madaktari wanafunzi waligoma kwa majuma. Mahakama ya Juu iliipitisha sheria hiyo tarehe 10 Aprili 2008, na vyuo vikaongezewa nafasi ili wale wa kundi la kawaida wasipungukiwe.

Kuna jambo la maandamano hayo ambalo wanafunzi wako wanapaswa kulijua. Baadhi ya waandamanaji walishika mifagio wakafagia barabara, wengine wakang'arisha viatu vya wapita njia, ili kuonyesha kazi zitakazowabakia wao iwapo nafasi zitatengwa. Kwao ilikuwa ishara ya adhuhuri moja. Ila pembeni mwa barabara ileile walisimama watu ambao mama zao walifagia, na bibi zao walifagia, kwa sababu walizaliwa wafagizi. Walijisikiaje kuona kazi ya ukoo wao inatumiwa kuwa mfano wa fedheha?

Mkaazi wa Malindi

Nimesoma kwa makini, na ninamshukuru dada kwa maelezo yake, lakini naomba kutofautiana na ombi lenyewe. Mimi ni mzazi. Ninaona kwamba nafasi ya chuo kikuu ni dawa inayoletwa mgonjwa akiwa amekwisha kuzidiwa. Mtoto wa vijijini nyuma ya Malindi anayekaa darasani na wenzake wengi mno mbele ya mwalimu mmoja, anayekosa masomo wakati wa ukame, hafiki kwenye C+ ya kuomba shahada, na hata mkitenga nusu ya chuo hatakuwapo wa kuikalia. Tudai walimu wa shule za msingi kwanza.

Hofu yangu ya pili ni jina. Mtoto atakayeingia kwa nafasi iliyotengwa ataambiwa miaka yote kwamba hakustahili, na mgonjwa atamuuliza daktari wetu aliingiaje. Na tatu, tunajua vizuri ni nani atakayezichukua. Atazichukua mtoto wa mkubwa aliyesomeshwa Nairobi tangu chekechea, ambaye Lamu anaijua kwa kuja Maulidi.

Binti Siyu

Ndugu yangu wa Malindi, hoja yako ya tatu iliwahi kuamuliwa huko. Katika kesi ya Indra Sawhney, tarehe 16 Novemba 1992, Mahakama ya Juu ilikubali asilimia 27 lakini ikawatoa watoto wa wale waliokwisha kuinuka ndani ya matabaka hayo, ambao kwa jina la huko ni malai ya jamii, yaani kile kinachopanda juu maziwa yakitulia. Ikaweka pia mpaka kwamba nafasi zote zilizotengwa zisipite nusu, isipokuwa kwa hali ya kipekee. Ndiyo maana hesabu ya vyuo vya serikali kuu ilikuwa asilimia 15 kwa matabaka yaliyoorodheshwa (wale waliohesabiwa kuwa najisi), 7.5 kwa makabila yaliyoorodheshwa (jamii za asili zilizotengwa) na 27 kwa matabaka mengine yaliyo nyuma, jumla 49.5. Mwaka 2019 ikaongezwa asilimia 10 kwa maskini wasiomo katika makundi hayo, na majaji 3 kati ya 5 wakaihalalisha mwaka 2022. Kwa hiyo ombi la Lamu linaweza kuweka sharti la kipato cha wazazi na la mahali mtoto aliposomea shule ya msingi. Hilo si gumu kuandika.

Kuhusu jina, hapo umenigusa, kwa maana ndiko kwenye jeraha lenyewe. Maalim, hapa ndipo penye upande wa pili uliokuwa ukiutafuta. Wanafunzi wa tabaka la chini waliandamana sana, lakini mara nyingi walidai kuheshimiwa baada ya kuingia, kuliko kudai mlango. Katika eneo la Marathwada wanafunzi na vijana wa Kidalit, yaani wa jamii hizo zilizohesabiwa kuwa najisi, walipigania miaka 16, tangu 1978, ili chuo kikuu cha hapo kiitwe kwa jina la Ambedkar. Watu walichomewa nyumba na kuuawa kwa ajili ya jina la chuo, na jina hilo likapatikana tarehe 14 Januari 1994. Hata neno Dalit, lenye maana ya waliopondwa, walilichagua wao wenyewe badala ya jina la upole walilopewa na Gandhi.

Kisha kuna Rohith Vemula wa Chuo Kikuu cha Hyderabad. Alikuwa mwanafunzi wa uzamivu, mwanachama wa umoja wa wanafunzi wenye kufuata fikra za Ambedkar. Baada ya mvutano na kundi jingine la wanafunzi, yeye na wenzake 4 walizuiwa kukaa bwenini, wakapiga hema uwanjani mwa chuo na kuliita kwa neno la Kitelugu linalotaja mtaa wa Wadalit uliotengwa pembezoni mwa kijiji. Posho yake ya utafiti ya miezi 7, rupia 175,000, ilikuwa haijalipwa. Alijiua tarehe 17 Januari 2016, akiwa na umri wa miaka 26. Wanafunzi wa miji mingi walitoka barabarani, na madai yao yakawa sheria ya kuwalinda wanafunzi ndani ya vyuo, wakaiita kwa jina lake. Wakati huo wakubwa walikuwa wakibishana kama alikuwa Mdalit wa kweli, kwa kuwa mama alitoka tabaka moja na baba jingine. Kijana amekwisha kufa, na bado ukoo wake unapimwa.

Kwa hiyo sikubali kwamba kwa kuogopa jina tuache kudai nafasi. Ninachokubali ni kwamba nafasi peke yake haimlindi mtoto. Anahitaji posho inayofika kwa wakati, mwaka wa matayarisho, na mahali pa kupeleka malalamiko ambapo hatakutana na yuleyule aliyemdhulumu.

Mzee wa Langoni

Wanangu, mazungumzo haya yamenipendeza, ila mnazungumza juu ya matabaka ya kuzaliwa kana kwamba yalikuwa ya Bara Hindi tu. Mji huu wa Lamu ulikuwa na ngazi zake. Kulikuwa na waungwana, kulikuwa na wazalia wa watumwa, kulikuwa na wageni, na elimu ya juu ya dini haikutolewa kwa kila aliyeitaka. Habib Saleh alipokuja kutoka Ngazija, visiwa vya Komoro, katika karne ya 19 aliwafundisha wale ambao wengine hawakutaka kukaa nao darasani, na Msikiti wa Riyadha ukakua kutoka hapo. Alisemwa sana kwa hilo. Leo wajukuu wa waliomsema wanaimba Maulidi katika msikiti huohuo.

Kwa hiyo Maalim, swali langu ni hili: nafasi zikitengwa kwa Lamu, zitakuwa za nani? Mtoto wa Mkomani au wa Shela ana shule, ana umeme, ana baba mwenye nyumba ya kukodisha wageni. Mtoto wa Mangai au Basuba, shule yake ilifungwa kwa miaka kwa sababu ya mashambulizi ya al-Shabaab katika msitu wa Boni. Wote ni watoto wa Lamu kwenye karatasi. Mkiandika "Lamu" tu, nina hakika mji utazila zote na msitu utabaki ulivyo.

Binti Siyu

Mzee wangu, shikamoo. Jambo hilohilo limewafika wao pia. Tarehe 1 Agosti 2024 majaji 6 kati ya 7 wa Mahakama ya Juu waliamua kwamba majimbo yanaweza kuyagawa matabaka yaliyoorodheshwa katika mafungu madogo, ili wale waliobaki nyuma ndani ya walio nyuma wasimezwe na ndugu zao wenye nguvu zaidi. Baadhi ya Wadalit waliipinga hukumu hiyo, wakihofu kwamba itawavunjia umoja; wengine, hasa jamii zilizokuwa hazipati hata nafasi moja, walisema wameingojea kwa miongo.

Nyongeza kwa wanafunzi wa historia: Wasidi, waliovushwa au waliovuka bahari kutoka Afrika, wakiwemo watu wa pwani yetu hii, wamo miongoni mwa makabila yaliyoorodheshwa katika sehemu za Gujarat na za Karnataka. Watoto wao huingia chuoni kwa nafasi hizo.

Maalim wa Shela

Nimekaa na wanafunzi leo baada ya masomo, na nimewasomea yote mliyoandika. Sentensi ya India wameifuta. Badala yake wameandika kwamba wanafunzi wa huko walikuwa pande zote mbili, na kwamba waliokwisha kuingia walilazimika kudai ulinzi ambao haukuwekwa tangu mwanzo. Wameongeza sharti la kipato na la shule ya msingi, na wameomba posho na mwaka wa matayarisho. Juu ya walimu wa shule za msingi, ndugu wa Malindi, walikubaliana nawe, nao wameliandikia jambo hilo kifungu cha kwanza kabisa, kabla ya vyuo.

Palipowashinda ni kwenye fungu la wadi ya Basuba. Msichana mmoja alisema si haki kuandika kwa niaba ya watu ambao hawamo chumbani, na darasa likanyamaza. Sina mwanafunzi hata mmoja kutoka huko.

Mzee wa Langoni

Mzazi mmoja wa Mangai yuko mjini juma hili. Nitamleta shuleni Alhamisi baada ya swala ya alasiri. Asomewe ombi lote polepole. Na hapo mlipowaandika watu wa msitu huo kuwa "Waboni", wanangu, mwacheni yeye aseme. Niwajuavyo mimi, wenyewe hujiita Waaweer.