MREJESHO: Sili za nozeli za IST zimepatikana

Wakuu, niliuliza nitapata wapi sili (mipira ya kuzuia kuvuja) za nozeli mpya za Toyota IST, vile vifaa vinavyopulizia petroli kwenye injini, maana nozeli zilikuja bila sili. Nimezipata Gerezani, Kariakoo. Mlionishauri niende na namba ya chesisi nisilinganishe kwa macho, asanteni sana.

Oringi (sili ya mviringo kama pete) ya juu, inayoingia kwenye reli ya mafuta, yaani bomba linalogawa petroli kwa nozeli, nimechukua ya vaitoni, mpira unaostahimili petroli. Duka moja walitaka kunipa za mabomba ya maji. Jamani, mpira ule ukikutana na petroli unavimba, na petroli ikivujia injini ya moto gari linaweza kuungua!

Sili za chini, upande wa manifodi (njia ya hewa kuingia kwenye injini), nazo mpya. Zikipitisha hewa, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inayumba. Fundi alilowesha oringi kwa petroli kidogo zisichanike. Baada ya kuwasha tulimulika kila nozeli, kavu kabisa.