Alama ya D imtoe mtoto kwenye ngoma? Tujadiliane

Mzazi wa Khayega

Wazazi, walimu na nyote mliopita bweni, naleta hoja. Shule anayosoma kijana wangu (ya bweni, Kaunti ya Kakamega, jina naliacha) imetoa amri muhula huu wa pili: aliyepata chini ya C mtihani wa kufungua muhula haendi mashindano yoyote. Si mpira, si voliboli, si tamasha la muziki.

Kijana yuko kidato cha tatu na ana D+. Anapiga isukuti, ile ngoma kubwa katika zile tatu. Marehemu babu yake alimfundisha nyuma ya jiko kabla hajajua kusoma. Kabla ya kupiga huisogeza karibu na moto ngozi ya kenge ikaze, anaigonga kwa kidole kimoja, anasikiliza, anairudisha tena motoni. Subira hiyo sijaiona akiwa na kitabu cha kemia, nakiri.

Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura. Sasa Mwisukha mwenyewe anaambiwa aketi, na nafasi yake kapewa kijana mwenye B aliyeshika ngoma mara ya kwanza mwezi wa tano.

Swali langu: alama za darasani ndizo ziwe tiketi ya kupanda basi la mashindano? Mimi nasema hapana. Anayenipinga anipinge kwa hoja.

Mama wa Mamboleo, Kisumu

Baba Khayega, pole, lakini mimi nasimama na shule. Binti yangu mwaka jana alikuwa kwenye mchezo wa kuigiza. Zoni, kaunti ndogo, kaunti, kanda. Kila ngazi siku kadhaa nje, na kabla ya hapo mazoezi ya jioni yanayokula prepu, saa za kujisomea. Alirudi na cheti na kikohozi. Fizikia hakujua wenzake wamefika wapi, na aliyekuwa akimnakilia madaftari alichoka wiki ya pili.

Karo ya bweni naipata kwa kuuza omena, shilingi kwa shilingi. KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, haina karatasi ya isukuti.

Mwalimu Mstaafu, Vihiga

Mama, hapo kwenye karatasi nikurekebishe kidogo. KCSE ina somo la muziki, na ndani yake mtahiniwa hupiga ala au huimba mbele ya mtahini. Ni shule chache tu zinazolifundisha.

Sasa nije kwa hoja. Nimekuwa patroni, yaani mwalimu msimamizi, wa muziki miaka kumi na tisa, nimelala kwenye madarasa ya watu kutoka Busia hadi Kisii, kwa hiyo nasema ninachokijua. Hiyo C ni sheria ya shule, imetungwa ofisini mwao. Wizara ya Elimu yenyewe ilichofanya ni kubana kalenda: muhula wa tatu uliachiwa mitihani, na 2016 waziri Fred Matiang'i akapiga marufuku hata siku za maombi na za kutembelewa katika muhula huo. Matokeo yake kila kitu kimesongamana miezi ya mwanzo. Drama hufikia kilele likizo ya Aprili, muziki Agosti, na katikati kuna kandanda, netiboli na voliboli. Mtoto anayependa vitu viwili hana pa kupumulia. Hapo namwelewa mama.

Lakini hizi amri za C zina siri moja. Hudumu mpaka straika apate D. Nimewahi kukaa kikao ambapo kipa mwenye E alisamehewa kwa dakika mbili, kisha msichana wa orutu, ile fidla ya Wajaluo ya uzi mmoja, mwenye D+ akajadiliwa nusu saa na kuachwa. Kwa nini? Kandanda ina wanafunzi wa zamani wanaopiga simu na kununua jezi. Timu ikiingia uwanja wa Bukhungu, Kakamega, mji mzima unajua. Nani atampigia mwalimu mkuu simu kwa ajili ya orutu?

Na pesa pia imo, tusidanganyane. Serikali ilipanga shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo kuna fungu la michezo na tamasha. Julai 2025 waziri wa fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba bajeti iliyopo inatosha 16,900 hivi. Basi linywe mafuta gani? Mwalimu mkuu akitaka kupunguza msafara, alama ndiyo kisu kisichomletea lawama. Akisema "sina mafuta" wazazi watamuuliza maswali. Akisema "masomo kwanza" watampigia makofi.

Namba Tisa, Kondele

Nimesoma yote. Mimi ndiye huyo straika wa mwalimu.

Nilichukuliwa na shule moja kubwa ya magharibi baada ya kufunga mabao kwenye mashindano ya shule za msingi. Karo sikulipa hata peni. Kidato cha pili nikawa na E ya hesabu, hakuna aliyeniita. Kidato cha tatu mwalimu wa Kiingereza aliniambia nilale tu, nisipige kelele. Alidhani ananifanyia wema. Tulifika taifa, nikavaa medali, picha yangu ikabandikwa nje ya ofisi. Kidato cha nne goti likapasuka mwezi wa sita. Mwezi wa saba hakuna aliyejua kitanda changu kiko bweni gani. Nilipata D-.

Sasa nina boda. Asubuhi nabeba watoto wa shule, wengine wana mipira kwenye mifuko ya karatasi. Mzee wa Khayega, unasema mtoto asizuiwe. Mimi natamani ningezuiwa. Hata mechi tatu tu.

Mzazi wa Khayega

Namba Tisa, ndugu yangu, hiyo imenigonga. Sina jibu la haraka. Ila swali moja: ungezuiwa hizo mechi tatu, nani angekaa na wewe na kitabu cha hesabu? Kwa sababu wangu amezuiwa, na jioni wenzake wakiwa mazoezini, yeye anaketi prepu ileile ya watoto hamsini na kiranja mmoja. Hakuna mwalimu. Amenyang'anywa ngoma, hesabu hajapewa.

Namba Tisa, Kondele

Hakuna ambaye angekaa na mimi. Hiyo ni kweli.

Mnakuru

Wengine tayari wananiandikia pembeni kuhusu mchezo wa kuigiza wa wasichana wa Butere na vitoa machozi vya hapa kwetu Nakuru, Aprili 2025. Ule ulikuwa mzozo wa nini kisemwe jukwaani. Huu ni wa nani apande. Tusichanganye, hautaisha leo.

Hili jambo si geni duniani. Jimbo la Texas, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 1984: usipofikisha alama 70 katika kila somo, huchezi kwa wiki 6. Kule mpira wao ni kama dini, kwa hiyo mnaweza kuwaza kelele zilizopigwa. Sheria haikufa, lakini 1995 ilirekebishwa: baada ya wiki 3, mtoto akionyesha sasa anapita, anarudi uwanjani.

Oneni tofauti. Kule kuna mlango wa kurudi, na inayoangaliwa ni alama ya kupita. Huku kwetu mtihani mmoja wa kufungua muhula, aliofanya mtoto akiwa bado na vumbi la likizo, unamfungia muhula mzima. Tena C! Nchi hii wanaopata chini ya C kwenye KCSE ni wengi kuliko wanaoipata. Ukiweka C kuwa kizingiti, umewatoa wengi wa watoto wa shule ya kawaida na kubakiza wale ambao tayari wana mahali pengine pa kupigiwa makofi.

Hata hivyo, Mama wa Mamboleo asipuuzwe. Mtoto anapotea darasani siku hizo zote, na shule nyingi hazina mpango wowote wa kumrudishia vipindi alivyokosa. Mimi ningeanzia hapo: patroni asipande basi bila orodha ya vipindi vitakavyofidiwa na nani atavifundisha.

Mama wa Mamboleo, Kisumu

Orodha ya vipindi naikubali. Ila mwalimu gani atafidia bila posho? Mnakuru, wewe unaota.

Mzazi wa Khayega

Nimerudi. Ijumaa nilipanda matatu hadi shuleni, nikaonana na deputi, naibu wa mwalimu mkuu. Mtu mpole, chai nikapewa. Nikamweleza yote, hata habari ya Namba Tisa, bila jina.

Kuna jambo nilitaka mlione. Hapo hapo shuleni kuna wanafunzi wa gredi ya 10, wa mtaala mpya ulioanza Januari 2026, na baadhi wamechagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Hao wanapiga ngoma kama somo, kwenye ratiba, saa nne asubuhi. Kijana wangu ni wa lile kundi la mwisho la mtaala wa zamani wa 8-4-4, watakaofanya KCSE 2027. Uwanja mmoja, mti mmoja, mwenzake anapewa alama kwa ngoma na yeye anazuiwa ngoma kwa ajili ya alama. Nilimuuliza deputi anaielezaje hiyo. Alicheka, akasema, "Mzee, hata sisi tunashangaa."

Kisha akaniambia wamempa kijana nafuu. Haruhusiwi kwenda kwenye mashindano, lakini ameombwa amfundishe yule wa B, nusu saa baada ya chakula cha jioni, kwa kuwa mapigo yanachelewa na waamuzi watasikia. Kwa hiyo D+ inatosha kufundisha, haitoshi kucheza.

Nilimkuta nyuma ya jiko la shule, moto wa kuni, ngoma mkononi. Mwenzake alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajaribu. Kijana wangu hakumkemea. Alimshika kifundo cha mkono tu, akakipunguza mwendo. Ngoma yenyewe ni ya babu yake, shule haina yake. Akaniuliza kama aiache pale wasafiri nayo ama nirudi nayo nyumbani.

Nimemwambia aiache mpaka Jumamosi. Mkutano wa wazazi ni saa nne asubuhi, bwalo la chakula. Naenda na pendekezo la Mnakuru la wiki 3 na mlango wa kurudi, pamoja na sharti kwamba amri imguse na kipa. Mwenye mtoto shule hiyo anajijua. Aje.