Snowpiercer au Elysium: ipi niwawekee vijana Jumamosi?

Kapuku_Halisi: Wakuu, heshima kwenu. Jumamosi naonyesha muvi, nimebaki na mbili mkononi: Snowpiercer na Elysium. Zote za 2013, zote makabwela wanawavaa mabwanyenye. Ipi inafaa? Naenda kujaza flashi kesho.

Fundi_Redio: Unamwonyesha nani? Wapi? Umri gani? Umeingia duka la dawa ukasema "nipe dawa".

BintiMlandizi: Elysium, funga uzi. Pale mlango wa chumba cha mionzi unapokwama, msimamizi anamwambia Max, kibarua wa kiwandani, aingie, akikataa kazi anapewa mwingine. Anaingia, anaungua. Roboti linampa vidonge na kumjulisha amebakiza siku 5. Mwenye kiwanda yeye kero yake ni shuka, hataki kubadilisha matandiko. Nimefanya kazi kiwandani, nilisimamisha muvi nikaenda kunywa maji kwanza.

Mzee_wa_Reli: Binti yangu, nusu ya pili ya Elysium ni ngumi na risasi tu. Snowpiercer ndiyo kazi. Dunia imeganda, waliosalia wako ndani ya treni inayoizunguka mara moja kwa mwaka. Mabehewa ya nyuma wanalishwa vibonge vyeusi vya wadudu, mbele huko wanakula sushi. Halafu yule mama, Tilda Swinton, anaamuru jamaa awekewe kiatu kichwani, anawahutubia kwamba kiatu mahali pake si kichwani. Mimi nimepanda daraja la tatu Dar mpaka Kigoma, sihitaji kutafsiriwa.

Kapuku_Halisi: Samahani wakuu, nilisahau. Ni kidato cha pili, ukumbi wa kanisa, kama 60 hivi.

Fundi_Redio: KANISANI! Na ulikuwa umenyamaza! Kuna mashoka mle kwenye Snowpiercer, na Curtis, kiongozi wa waasi, anaungama habari za kula vichanga. Mchungaji atakuombea wewe.

Sheki_Mwanza: Ngoja nikusimulie, usirudie kosa langu. Niliweka Snowpiercer hapa mtaani, shuka ukutani, kiingilio mia tano. Kopi haikuwa na maandishi ya chini. Yule fundi wa milango, Song Kang-ho, anaongea Kikorea mwanzo mwisho, na watu wangu hata Kiingereza ni cha kubahatisha. Ikabidi nisimame nitafsiri, Kikorea nikawa natunga tu. Watu wakanogewa, wanashangilia kila mlango unaofunguka. Tumefika behewa la injini, Curtis ana kwa ana na Wilford mwenye treni, giza. LUKU imekata. Natafuta wa kunikopesha hela ya umeme, huku nyuma nusu wanadai chao, nusu wanapiga kelele niwaambie mwisho. Nilirudisha elfu kumi na moja. Mpaka leo kuna mama muuza samaki akiniona anauliza, "We Sheki, lile treni lilifika?"

Otis254: Huku Kenya ungetafuta kama DJ Afro ameitafsiri, mambo kwisha.

Mzee_wa_Reli: Baada ya Lufufu hakuna mtafsiri. Hakuna.

Otis254: Mzee, Lufufu alikuwa anaongeza chumvi hadi muvi inabadilika.

Mzee_wa_Reli: Ndiyo raha yenyewe.

BintiMlandizi: Kwa watoto, In Time ya 2011. Hakuna pesa, unalipa kwa muda wa kuishi. Nauli ya basi imepanda kutoka saa 1 hadi 2, mama ana saa moja na nusu mkononi. Dereva hamchukui. Anakimbia usiku kumfuata mwanawe, muda unaisha wanakaribia kushikana. Nani hapa hajawahi kushushwa daladala kwa pungufu ya mia?

Fundi_Redio: Wazo zuri, ubaya nusu ya mwisho wanaiba benki tu. Metropolis, 1927, haina sauti kabisa, ugomvi wa lugha umeisha.

Sheki_Mwanza: Watoto 60, muvi bubu ya masaa mawili na nusu? Hiyo adhabu mpelekee mwalimu wa zamu. Na mwisho wake tajiri anapeana mkono na msimamizi, basi yameisha. Lang mwenyewe, mwongozaji wake, baadaye alisema hakuupenda.

Mzee_wa_Reli: Nauli ya daladala ndiyo mjadala tuanze nao. Juzi konda kanitoza...

Kapuku_Halisi: Wakuu, turudi kwenye uzi. Kwani projekta ya kukodi Mbagala inakwenda shilingi ngapi?

Fundi_Redio: Mbagala ipi, Rangi Tatu au Zakhem? Mbona unatoa taarifa kwa kijiko?