Mashine ya unyevu inanuka uvundo, naomba ushauri

Wakuu habari zenu. Nina mashine ya kuongeza unyevu chumbani kwa mtoto, maana hewa kavu ilikuwa inamkausha pua. Wiki ya pili tu, chumba kikaanza kunuka kama nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka. Nikafungua tangi, nikapitisha kidole chini: utelezi mtupu, na utando wa rangi ya waridi pembeni. Kosa langu, nilikuwa naongezea maji juu ya yale ya jana. Sasa namwaga kila siku, nasugua kwa siki, nasuuza na kuliacha wazi likauke. Kipimo kinasoma unyevu asilimia 62, najua ni mwingi, inatakiwa usizidi 50. Lakini harufu bado imeganda kwenye mapazia! Niyafue tu, au nizime mashine kwanza chumba kikauke? Na kichujio chake, kinaosheka au ni cha kutupa?