Kitabu kimoja kwa ndugu wote wanne: Afterlives, Kintu au Rosa Mistika?

MamaNuru_Mwanza
Wakuu salaam. Nataka kununua kitabu kimoja, nakala nne, kila ndugu yangu apate yake. Tukisome kabla ya Krismasi, tukikutana nyumbani tuzungumze. Tangu mazishi ya baba hatuongei vizuri, na kila kikao kinaishia kwenye lawama. Naona tukianza kwa kumjadili mtu wa kwenye hadithi, hatutanyoosheana vidole. Nimebaki na riwaya tatu: Afterlives ya Abdulrazak Gurnah na Kintu ya Jennifer Makumbi, zote za Kiingereza, na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya Kiswahili. Vyote vina machungu yanayotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Ila nataka kiwe na upendo ndani yake, mtu asimalize akiwa ameumia zaidi. Mngechukua kipi? Pesa ninayo, nanunua wiki ijayo.

Fundi_Vitabu
Dada, maelezo hayatoshi. Wote wanasoma Kiingereza? Umri wao? Ni wasomaji, au watu ambao kitabu cha mwisho walikishika shuleni? Na machungu yenyewe ni ya aina gani, ulevi, vipigo, vita, kutelekezwa? Ukisema "familia" tu hatuwezi kukusaidia, maana vitabu hivyo vitatu havifanani hata kidogo.

Mkazi_Bukoba
Kintu. Bila kufikiri mara mbili.

Chanzo cha yote ni mwaka 1750, Kintu Kidda anasafiri kwenda kwa Kabaka mpya wa Buganda. Njiani anampiga kofi Kalema, kijana aliyemlea kama mwanawe, kwa sababu amenywea kibuyu chake. Kofi moja tu. Kijana anakufa, Kintu anaficha, na Ntwire, baba mzazi wa Kalema, anatoa laana. Halafu mwandishi anakuruka hadi Uganda ya 2004 uwaone wajukuu waliotawanyika, kila mmoja na balaa lake, hajui linatoka wapi. Mwishoni ukoo unakutana. Hicho ndicho unachotaka kufanya wewe Krismasi, dada yangu. Huku kwetu Kagera tunakielewa haraka, Buddu, alikotawala Kintu, ni jirani na koo zimeingiliana.

Jabali_Mombasa
Hakuna mtu aliyetaja Utengano ya Said Ahmed Mohamed? Kimetoka 1980 na mpaka leo sijaona riwaya ya Kiswahili inayoonyesha baba akivunja nyumba yake kwa mikono yake mwenyewe kama Maksuudi. Binti yake, Maimuna, amefungiwa ndani, hajui dunia, na siku mlango unapofunguka dunia inammeza. Lakini hakuachwa huko. Kuna Kabi anayempenda akijua alikopita, na kuna Maksuudi anayekuja kuomba radhi akiwa hana kitu. Dada ameomba upendo, nao ndio huo. Rosa Mistika utaupata wapi?

MamaNuru_Mwanza
Asanteni. Fundi, nakujibu. Kaka mkubwa ana miaka 52, dada 48, mimi 44, mdogo wetu wa mwisho 37. Mdogo aliishia darasa la saba, anasoma Kiswahili tu, na anasoma gazeti kila siku. Baba alikuwa askari, alipigana Vita vya Kagera. Alirudi 1979 na hakuwahi kutusimulia chochote. Usiku alikuwa akiamka na kukaa mlangoni hadi kunakucha. Mchana alikuwa mkali sana, hasa kwa kaka. Sasa kaka anakunywa sana na ana mtoto wa kiume wa miaka kumi na miwili.

Fundi_Vitabu
Hayo ndiyo yalipaswa kuwa kwenye ujumbe wa kwanza.

Kwanza, Rosa Mistika itoe. Nampenda Kezilahabi, na kwa kijana anayetaka kujua riwaya ya Kiswahili ilivyobadilika 1971 ningempa hicho. Lakini Zakaria ni baba mlevi anayempiga bintiye kwa barua ya mvulana, nyumba yote inaporomoka, na Rosa anajiua. Utampa kaka yako anayekunywa kitabu hicho asome akiwa peke yake usiku? Hapana dada.

Pili, kwa baba askari, Afterlives inawagusa moja kwa moja. Hamza anajiandikisha mwenyewe kwenye jeshi la Wajerumani, anarudi pwani na jeraha la nyonga ambalo haliponi vizuri, na hasimulii. Afiya naye ametoka kwenye nyumba ambako mlezi wake alimvunja mkono kwa sababu aligundua anajua kuandika. Watu wawili walioumizwa wanaanza kujuana kidogo kidogo. Hamza anamtafsiria beti za mshairi wa Kijerumani, Schiller, anazitia kwenye karatasi anampa. Hakuna hotuba ya mapenzi humo. Ni karatasi ndogo tu inayopita mkono kwa mkono, nami kila nikifika hapo naona kazi yote ya kitabu imefanyika.

Na mtoto wao, Ilyas, ndiye anayekuja kusikia sauti za mambo yaliyotokea kabla hajazaliwa. Kaka yako na mtoto wake wamo humo.

Mkazi_Bukoba
Sawa mkuu, lakini mdogo mtu anasoma Kiswahili tu. Utampa Afterlives ya Kiingereza aikodolee macho?

Fundi_Vitabu
Hilo ni kweli, na ndiyo maana nilimuuliza. Kwa Gurnah kipo Peponi, tafsiri ya Paradise aliyoifanya Ida Hadjivayanis, imetolewa na Mkuki na Nyota 2022. Kiswahili chake kinasomeka vizuri sana. Habari ni ya Yusuf, kijana wa miaka kumi na mbili anayetolewa na babake kwa "Ami" Aziz kulipia deni. Si vita, lakini ni mtoto anayelipa kisichokuwa chake. Kwa Dar ulizia duka la TPH, mtaa wa Samora.

Jabali_Mombasa
Peponi haina uponyaji. Yusuf mwishowe anaishia wapi? Nisiseme zaidi nisimharibie mtu. Utengano kimeandikwa kwa Kiswahili, kinaanza na kuisha kwa Kiswahili, mdogo mtu atakimaliza kwa siku tatu. Kwa nini tunazunguka mbali?

Asali_Chungu
Naomba niongeze la sayansi. Machungu yanarithiwa kwenye mwili, si hadithi tu. Rachel Yehuda na wenzake walitoa utafiti 2015 kuhusu manusura wa mauaji ya Wayahudi na watoto wao, wakakuta mabadiliko kwenye jeni moja inayohusika na msongo. Kwa hiyo ninyi wanne hamkosei mkihisi vita ya baba imo ndani yenu. Ningenunua kitabu cha kitaalamu kinachoeleza hayo badala ya riwaya.

Fundi_Vitabu
Utafiti huo ninaujua. Walikuwa manusura 32 na watoto 22. Ni watu wachache mno kujenga juu yao jambo zito hivyo, na wanasayansi wenzao waliliuliza hilo mapema. Mtoto aliyekua akimwona baba amekaa mlangoni usiku kucha hahitaji jeni ili ajifunze hofu. Ameiona kwa macho yake.

Asali_Chungu
Uchache sikatai. Lakini ipo na njaa ya Uholanzi ya 1944 na 1945, waliokuwa tumboni wakati ule wamefuatiliwa hadi uzeeni na tofauti za kiafya zimeonekana. Siyo jambo la kutupa.

Mtumishi_Arusha
Ndugu zangu, Ezekieli sura ya 18 imeshalijibu hili. Ule msemo wa baba kula zabibu kali na meno ya watoto kuingia ganzi, Mungu anasema usitumike tena. Mwana hachukui uovu wa baba. Kitabu chenye laana ya ukoo kama hicho Kintu mimi nisingekipeleka kwenye nyumba inayotafuta amani.

Mkazi_Bukoba
Mtumishi, umekisoma? Laana pale siyo jibu la mwisho. Ukoo una Wakristo wa uamsho, una msomi asiyeamini chochote, una waganga, na mwandishi hamwambii yeyote kwamba yeye peke yake ana haki. Wanabishana kama tunavyobishana hapa.

Bi_Shuweikha
Mwanangu MamaNuru, nisikilize mimi kabla hujalipa.

Kwetu Unguja kaka yangu alinunua kitabu cha kujitibu nafsi, jina sitalitaja. Kinakuagiza umwandikie mzazi barua, utaje kila alichokutendea, kisha umsomee usoni. Kaka akaitisha watu Idi pili. Mama alikuwa jikoni anatwanga bizari ya pilau. Akaitwa, akaja kukaa na kanga yake ya jikoni, mikono ina unga wa bizari, kaka akaanza kusoma. Ulitupiga. Ulitunyima. Hukutukumbatia hata siku moja. Kurasa mbili. Mama hakusema neno. Akainuka, akazima jiko, akafunga mlango wa chumba. Asubuhi akapanda boti akenda Tanga kwa mdogo wake, na akakaa huko mpaka mwezi wa Mfungo Pili ukaingia.

Kule ndiko mama mdogo alikotwambia. Mama alitolewa kwao na miaka tisa, akapelekwa kutumikia nyumba ya watu, akilala sakafuni jikoni. Alirudishwa akiwa mwari. Hakuna aliyemkumbatia yeye. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akilijua hilo, na kitabu hakikumwambia kaka aulize kwanza.

Yule kaka hakusema uongo hata kidogo. Yote aliyoyasoma yalikuwa kweli. Ila kitabu kilimpa hukumu, hakikumpa masikio. Ndiyo nakwambia chukua hadithi. Na chukua hadithi ambayo aliyeumiza naye anaonekana alikotoka. Kwa hilo namuunga mkono Fundi kwa Hamza, ingawa Utengano ya kijana wa Mombasa nayo naipenda sana.

MamaNuru_Mwanza
Bi Shuweikha, shikamoo. Nimesoma ujumbe wako nikaacha kazi kwanza. Baba hayupo tena wa kuulizwa. Mama yupo, ana miaka 76. Sikuwa nimefikiria kumhusisha.

Bi_Shuweikha
Marahaba mwanangu. Basi anzeni na yeye. Yeye ndiye aliyekuwa akilala pembeni ya mtu anayeamka usiku.

Kivu_na_Rusizi
Mimi niko Bujumbura. Kwa wanaosoma Kifaransa, kuna La femme aux pieds nus ya Scholastique Mukasonga, 2008. Anamwandika mama yake, Stefania, aliyehamishwa pamoja na Watutsi wengine hadi Nyamata nchini Rwanda na aliyekuwa akiwaambia mabinti zake: nikifa, mfunike mwili wangu, mtoto asiuone mwili wa mama yake. Mwaka 1994, kwenye mauaji ya kimbari, aliuawa na hakukuwa na binti wa kumfunika. Mukasonga anaandika ili maneno yawe sanda. Lakini kurasa nyingi ni za mtama, nyumba ya nyasi, namna mama alivyoandaa maficho ya watoto. Upendo wote uko kwenye kazi za mikono. Najua kwenu lugha ni tatizo, nimekitaja kwa sababu hapa watu wengi wana historia kama yangu.

Jabali_Mombasa
Huyu mama nitamtafuta. Lakini mnaona? Tunahama lugha hadi lugha na mdogo mtu bado hajapata kitabu.

Mkazi_Bukoba
Mimi nina pendekezo. Wale watatu wasome Kintu, halafu siku ya kukutana wamsimulie mdogo.

Fundi_Vitabu
Hilo ndilo jambo baya kuliko yote yaliyosemwa hapa. Mtu aliyeishia darasa la saba ameshazoea kusimuliwa na wakubwa zake maisha yake yote. Ama wote wanasoma lugha moja, ama asinunue.

Mkazi_Bukoba
Nakubali hapo, sikuliangalia upande huo.

Asali_Chungu
Na wasome kwa sauti? Sura moja jioni, mama akisikiliza. Utengano inasomeka hivyo, majibizano yake ni mengi.

Jabali_Mombasa
Hatimaye mwanasayansi amekuja upande wangu.

Mtumishi_Arusha
Utengano ina danguro ndani yake. Mbele ya mama wa miaka 76 mtasoma zile sehemu za danguroni?

Bi_Shuweikha
Mtumishi, mama wa miaka 76 amezaa wanne na kuishi na mwanajeshi. Hakuna la Maimuna litakalomshtua.

MamaNuru_Mwanza
Mpaka sasa niko kati ya Utengano na Peponi, kwa sababu ya mdogo. Afterlives nitamnunulia kaka peke yake, halafu nione kama atanipigia simu. Kuna aliyewahi kumsomea mzazi mzee? Mama haoni vizuri, na sijui kama ataona tunamfanya mtoto.

Kivu_na_Rusizi
Mimi nilimsomea baba Biblia, akawa anasahihisha matamshi yangu. Alifurahi.

Fundi_Vitabu
Mwambie macho yako yamechoka, umwombe akusaidie kukumbuka sura iliyopita.

Bi_Shuweikha
Usimdanganye mama. Mwombe tu.

Nyota_Njema
Samahani kuingilia, Kintu inapatikana Arusha au lazima niagize Nairobi? Na nakala ya karatasi, siyo ya simu.