Namba yangu kuwa kwenye simu yako haikupi ruhusa ya kuigawa! Hizi aplikesheni za mikopo zimenifika hapa

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na siifichi, kwa hiyo mtanivumilia nikiruka ruka.

Alhamisi iliyopita saa 12 na nusu asubuhi nipo kwenye daladala natoka Mbagala, inaingia meseji kutoka namba nisiyoijua. Naiweka hapa kama ilivyo, nimetoa jina tu: "NDUGU, HUYU ... NI TAPELI AMEKIMBIA NA PESA ZETU. WEWE NI MDHAMINI WAKE, MWAMBIE ALIPE LEO KABLA YA SAA 6 AU HATUA ZITAKUHUSU NA WEWE". Sijakaa sawa ikaja picha WhatsApp, ni ile picha wanayokulazimisha upige wakati wa kujisajili, umeshika kitambulisho cha NIDA chini ya kidevu. Wamemuandika TAPELI kwa rangi nyekundu kwenye paji la uso.

Huyo dada ni jirani yangu, anauza supu na chapati asubuhi pale kituoni. Mtoto wake alilazwa, akakopa 80,000, mkononi ikaingia 54,000 eti iliyobaki ni ada ya huduma, halafu arudishe 80,000 yote ndani ya siku 7. Amechelewa siku 2. Siku mbili jamani, na mtoto bado yupo wodini!

Mimi sijamdhamini, sijasaini popote, hiyo aplikesheni yenyewe nilikuwa hata sijawahi kuisikia. Nikawajibu kistaarabu kabisa, mmeipata wapi namba yangu? Jibu likaja ndani ya dakika moja: "Ametupa mteja wetu mwenyewe, alikubali vigezo na masharti."

Hapo ndo nilipochafukwa. Alikubali yeye, mimi nimekubali lini? Huyu dada nilimpa namba ili maji yakitoka mchana nikiwa kazini anishtue nimpigie kijana ajaze ndoo, basi. Hakuwa na haki ya kumpa mtu mwingine na naamini hata hakujua kama anatoa, kwa sababu ile simu inauliza kitu kimoja tu, ruhusu au kataa, na ukikataa mkopo hupati, na mama aliyekaa kwenye benchi la hospitali saa 4 usiku hawezi kukataa. Akibonyeza ruhusu wameshabeba majina yote, mchungaji, mwenye nyumba, shemeji, mwalimu wa mtoto, fundi jiko, na wanakikoba wenzake.

Na kikoba ndiko walikommaliza. Mnajua sanduku la kikoba lina kufuli 3, kila ufunguo na mtu wake, na yeye alikuwa mmoja wa wale watatu mwaka wa nne huu, hajawahi kupungukiwa hata mia. Ile picha iliwafikia wanachama 11. Jumapili kwenye kikao wakamwambia akabidhi ufunguo. Aliufungua kwenye kanga alikokuwa ameufunga, akauweka mezani, akaondoka hajasema neno. Aliyenisimulia ni mke wangu, alikuwepo.

Sasa mtu asije kuniambia ndo dunia ya mtandao ilivyo, zoea. Mimi sijaanza intaneti jana. Mwaka 2003 nilikuwa nalipa 500 kwa nusu saa kwenye intaneti kafe moja Kariakoo, kompyuta zile za vioo vikubwa vya kuchomoza nyuma, ukurasa mmoja wa Yahoo unafunguka mpaka unamaliza kusoma gazeti la mwenzio. Jamaa wa kaunta alikuwa anatuambia kila siku, "Mdogo wangu, ukimaliza hakikisha umetoka kwenye akaunti, wa nyuma yako asije kukusomea." Usiri wetu wote ulikuwa huo, kumuogopa mtu aliyekaa kwenye foleni nyuma ya kiti chako. Kwenye kuchati tulitumia majina ya bandia, hakuna aliyetaja mtaa wala ukoo, tulikuwa tunaogopa watu tusiowajua na tuliona tumejilinda.

Halafu ikaja mitandao ya marafiki, hi5, kisha Facebook, na Julai 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM, ule waya wa chini ya bahari, ukafika Dar, intaneti ikaanza kuhamia mfukoni. Tukahamia na majina yetu ya ubatizo, picha za harusi, za mazishi, za watoto. Sijutii yote, kuna ndugu zangu nilipotezana nao tangu shule ya msingi nikawapata humo humo.

Lakini kosa hili la kugawa watu na mimi nimelifanya, nalisema kwa uchungu. Nikiwa chuo 2008 mtandao mmoja wa marafiki uliniambia niweke imeili na paswedi yangu "tukutafutie marafiki zako". Nikaweka! Paswedi halisi ya imeili yangu. Kesho yake kila mtu niliyewahi kuandikiana naye alikuwa amepata barua kwa jina langu, fulani amekutumia picha, bonyeza uzione. Picha zenyewe hazikuwepo. Ilimfikia mzee mmoja wa kanisani kwetu aliyekuwa ananilipia nusu ya ada, akanipigia, "Kijana wangu, hizo picha ni za nini, mbona ninaogopa kuzifungua?" Nilimuomba radhi, akapokea, ila ada ya muhula uliofuata hakuniuliza tena na mimi nikaona aibu kumkumbusha. Watu wale walikuwa wameniamini mimi, na mimi niliwatoa wote kwa mbonyezo mmoja.

Mlango ni ule ule mpaka leo. Mnakumbuka Aprili 2021 taarifa za watu milioni 533 wa Facebook zilivyomwagwa mtandaoni, majina na namba za simu? Kampuni yenyewe ilieleza kwamba watu walitumia kile kipengele cha kupakia namba za simu ili kutafuta marafiki, wakapakia namba kibao wakaona kila namba ni ya nani.

Sasa tuje nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 tunayo, imeanza kazi tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, familia yake na mawasiliano yake. Novemba 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Google nao tangu 31 Mei 2023 wamekataza aplikesheni za mikopo kwenye duka lao kugusa namba na picha za mtu. Kwa hiyo wanakwepa, huyu dada alitumiwa linki kwenye meseji akapakua nje ya duka. Wenzetu Kenya, Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data iliipiga kampuni ya mikopo ya kidijitali faini ya shilingi 2,975,000 za kwao kwa kutumia majina na namba za watu kuwatisha. Faini yenye tarakimu, imetangazwa hadharani! Hicho ndicho nataka kukiona na huku, orodha peke yake haijamrudishia mtu heshima yake.

Na nyie mnaotaka kuandika "angelipa deni yasingemkuta", deni atalipa, hajakataa. Tumeshamchangia, bado 15,000. Deni ni kati yake na wao, mimi na mchungaji na wanakikoba tumeingiaje? Hata mahakama ikimhukumu mtu haitumi picha yake kwa mwalimu wa mtoto.

Ninachoomba humu ni mambo ya maana tu. Kama kuna mtu ameshapeleka malalamiko kwenye ile Tume na yakasikilizwa anipe uzoefu, fomu anajaza nani, yule aliyekopa au mimi ambaye namba yangu imechukuliwa, au kila mtu ya kwake? Nina skrinshoti 14 zenye namba na saa, sijafuta hata moja. Na kama na wewe umeitwa mdhamini bila kujua nitafute inboksi, tukiwa wengi barua inakuwa nzito.

Jumapili hii kikao cha kikoba kipo saa 10 jioni. Nimeprinti zile meseji zote pamoja na risiti ya kile alichokwisha lipa, naenda naye, na mke wangu ameshaniambia ufunguo kakabidhiwa yeye kwa muda na atakuja nao.