Ushauri: Kocha mkuu anataka nimshawishi kijana niliyemleta Marekani aombe uhamisho mwenyewe

Kocha_Msaidizi (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Nina jambo linaloninyima usingizi wiki ya pili sasa, na huku nilipo sina wa kumweleza kwa lugha yetu.

Mimi ni Mtanzania. Nilikuja Marekani kwa riadha, nikasoma, nikabaki. Sasa ni kocha msaidizi wa mbio za nyika na mbio ndefu katika chuo kikuu kimoja cha daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huku. Jina la chuo naomba nisilitaje. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutafuta vijana nyumbani Afrika Mashariki: Iten, Kapsabet, Arusha, Mbulu.

Miaka miwili iliyopita nilifika Katesh, chini ya mlima Hanang, kwao na kijana mmoja. Baba yake ni mkulima. Walichinja mbuzi kwa ajili yangu, tukakaa hadi usiku. Mzee hakuuliza habari za medali wala fedha. Aliuliza, "Akiumia mguu, atarudishwa?" Nikamjibu, "Hapana mzee. Miaka minne atasoma, aumie asiumie." Ndivyo nilivyoelekezwa na kocha mkuu niwaambie wazazi. Karatasi yenyewe ya ufadhili ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, inafanywa upya kila mwaka. Hilo nililipitia harakaharaka mwishoni, wakati mzee ameshashika kalamu.

Kijana ameumia kweli. Ufa kwenye mfupa wa muundi, ukapona, ukarudi tena. Anamaliza mwaka wa pili wa uhandisi wa ujenzi na darasani yuko vizuri kuliko wengi kwenye timu. Lakini kikosi cha nyika sasa mwisho ni watu 17. Kikomo hicho kimetokana na makubaliano ya kesi ya House, iliyofunguliwa na wanamichezo dhidi ya NCAA, yaliyoidhinishwa na Jaji Claudia Wilken mwezi Juni 2025, na chuo chetu kimejiunga nayo. Kocha mkuu amepata vijana wawili wakubwa kiumri, wenye muda mzuri. Ameniita ofisini akasema nizungumze na kijana "kwa lugha yenu", nimweleze kuwa kwingine atapata nafasi zaidi, aombe mwenyewe kuingizwa kwenye potali ya uhamisho, yaani orodha ya mtandaoni ya wanamichezo wanaotaka kuhama chuo. Barua ya kusitisha ufadhili hataki kuandika.

Niko hapa kwa viza ya H-1B, ile ya kazi inayomtegemea mwajiri. Nikifukuzwa nina siku 60 za kupata mwajiri mwingine au kuondoka, mimi, mke wangu na watoto wawili.

Nimwambie nini kijana? Na nimwambie nini kocha?

---

Mzee_wa_Kanuni

Pole sana mkuu. Jiulize kwanza kwa nini hataki kuandika barua, maana kiini cha yote kiko hapo.

Chuo kikikataa kufanya upya ufadhili, kinatakiwa kumjulisha mwanafunzi kwa maandishi kabla ya tarehe 1 Julai na kumpa nafasi ya kukata rufaa. Rufaa hiyo haisikilizwi na makocha. Inakwenda kwa watu wa misaada ya fedha, nje ya idara ya michezo. Mbele ya watu hao "ameumia" ni sababu dhaifu sana. Kumbuka tangu mwaka 2015 zile kanda tano kubwa za vyuo (conferences) zilipiga kura kwamba ufadhili usikatwe kwa sababu za kimichezo.

Kijana akiandika mwenyewe kwamba anataka kuhama, habari inageuka. Chuo kinaweka jina lake kwenye potali ndani ya siku mbili za kazi, na kinaruhusiwa kusitisha ufadhili mwishoni mwa muhula. Hakuna rufaa ya maana hapo, ameomba mwenyewe.

Kwa hiyo kocha anatafuta saini, na wewe ndiye umetumwa kuifuata.

---

Binti_wa_Nandi

Mimi ni Mkenya. Yalinikuta, na nimesoma uzi huu nikitetemeka mikono.

Mwaka wangu wa kwanza nilikimbia vizuri, wa pili nikawa na upungufu wa damu, miguu mizito. Kocha hakunifokea hata siku moja. Alinikuta koridoni, akatabasamu, akasema anafikiri nitakuwa na furaha zaidi mahali pengine. Msaidizi wake, Mkenya mwenzetu, alinipigia jioni: "Dada, usibishane nao, jaza tu ile fomu, utapigiwa simu na vyuo vingi." Nikajaza usiku uleule. Nilimwamini kwa sababu alinisemesha Kikalenjin.

Simu haikulia. Mwisho wa muhula ufadhili ukaisha. Nilikuja kupokewa na chuo kidogo mbali sana, wakakataa karibu nusu ya masomo niliyokuwa nimefaulu. Nilihitimu nimechelewa, kwa deni la shangazi yangu. Mama hadi leo anaamini nilifukuzwa kwa utovu wa nidhamu, kwa sababu sikujua namna ya kumweleza potali ni nini.

Kaka, kocha mkuu nimeshamsahau. Yule msaidizi sijamsahau.

---

Uwanja_ni_Biashara

Tuwe wakweli jamani. Michezo ya vyuo sasa ni fedha, makubaliano hayohayo ya House yameruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Desemba 2022 Deion Sanders, kocha wa mpira wa Kimarekani, alipofika chuo cha Colorado aliwaambia wachezaji mbele ya kamera wajiandae kuingia kwenye potali, na makumi wakaondoka. Na kuhama si msiba. Mkimbiaji Mkenya Wesley Kiptoo alianzia Colby Community College kule Kansas, akahamia Iowa State, 2021 akawa bingwa wa NCAA wa mita 5000 za ukumbini. Mshauri kijana aangalie mbele. Na wewe linda familia yako.

---

Mzee_wa_Kanuni

@Uwanja_ni_Biashara mifano yako miwili inakugeukia. Kiptoo alipanda akiwa mzima, vyuo vinamtaka. Huyu anaambiwa aingie sokoni akiwa na ufa mguuni. Na kwa Sanders, kanuni inamruhusu kocha mkuu mpya, katika mwaka wake wa kwanza, kumwondoa mchezaji kikosini, lakini mchezaji akichagua kubaki chuoni masomo yake yanaendelea kulipiwa. Hapo ndipo watu wengi wanachanganya. Kukatwa timu na kukatwa ufadhili ni mambo mawili tofauti. Kocha wa huyu ndugu yetu anaweza kumwambia kijana, "Kwenye 17 wangu haumo, lakini soma umalize." Inauma, ila ni kauli ya mtu mzima.

---

Mama_Tumaini

Samahani kwa kuingilia. Mwanangu yuko kidato cha sita, kuna mtu anataka kumpeleka huko kwa kikapu tangu asikie habari za Hasheem Thabeet na Connecticut. Nitazame nini kwenye karatasi?

---

Mzee_wa_Kanuni

Dada, tazama muda: imeandikwa mwaka mmoja au hadi amalize? Tangu 2012 vyuo vinaruhusiwa kutoa wa miaka mingi, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba haiwezekani. Kilichosemwa kwa mdomo sebuleni kiombe kwa maandishi.

---

Karani_wa_Viza

Nafanya kazi na wanafunzi wa kigeni, niongeze upande ambao makocha huwa hawautaji.

Kijana ana F-1, viza ya mwanafunzi. Mmarekani akikosa ufadhili anarudi kwa wazazi anajipanga. Huyu akiacha masomo katikati, hadhi yake ya kukaa nchini inakatika. Ili ahame, rekodi yake ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni) ihamishwe, na chuo kipya hakitatoa I-20, fomu inayomwezesha kusoma huku, bila kuona nani atalipa ada na malazi, ambayo ni makumi ya maelfu ya dola kwa mwaka. Kazi za hapo chuoni ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, hazifiki popote.

Halafu uhandisi. NCAA daraja la kwanza inataka awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada anapoingia mwaka wa tatu, 60 anapoingia wa nne. Akihama na masomo yake yakapunguzwa, anaweza kufika chuo kipya asiruhusiwe kukimbia. Nani atampokea hapo?

Asiandike chochote, hata barua pepe ya "nafikiria kuhama", kabla hajakaa na mshauri wake wa wanafunzi wa kigeni. Na kila chuo cha NCAA kina mhadhiri aliyeteuliwa kuwakilisha upande wa taaluma kwenye michezo. Amtafute huyo, kocha si bosi wake.

---

Uwanja_ni_Biashara

Nimesoma maelezo ya dada wa Nandi. Narudisha sehemu ya kauli yangu. Sehemu ya familia siirudishi. Watoto wake nao hawana kosa.

---

Binti_wa_Nandi

Hawana, kweli. Sisemi ajitoe mhanga. Asimbishie kocha kwa kelele. Ila asiende kwa kijana na maneno ya kocha yaliyovikwa Kiswahili.

---

Kocha_Msaidizi (mleta uzi)

Nashukuru wote. Dada wa Nandi, ujumbe wako nimeusoma mara nyingi, nikamsomea na mke wangu. Aliniambia, "Ukimpeleka yule mtoto kwenye potali, Katesh usirudi tena." Ni kwao pia.

Nimefanya hivi. Jana nilimwambia kocha mkuu kwamba mazungumzo ya kuondoka siwezi kuyabeba mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwahidi baba yake, na kama uamuzi ni kumtoa kikosini, amwambie mwenyewe, mimi nitakaa pembeni nitafsiri panapohitajika. Alinyamaza muda mrefu. Akasema tutaongea wiki ijayo. Sijui hatima yangu, ila nimeanza kupanga karatasi zangu.

Jioni nikamwita kijana nyumbani, tukala. Nikamweleza yote kama nilivyoyasoma hapa: saini inafanya nini, barua ya Julai ni nini, kutoka kikosini si kutoka chuoni. Nikamwomba radhi kwa namna nilivyoipitia ile karatasi siku ile Katesh. Hakulia, hakukasirika. Aliuliza kama akibaki bila timu ataruhusiwa kuendelea kutibiwa mguu. Sikuwa na jibu, tumeandika swali hilo kwenye orodha.

Leo ameonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Alhamisi ana miadi na yule mhadhiri. Hajasaini kitu.

Baba yake nimempigia. Mtandao ulikuwa mbovu, nikarudia maneno mara tatu. Kesho alfajiri, saa za huko nyumbani, nitapiga tena akiwa hajaenda shamba.

Kama kuna mwanachama aliyewahi kukaa kwenye kikao cha rufaa ya ufadhili, naomba aniandikie hapa au kwenye ujumbe binafsi. Nataka kujua waliuliza maswali gani, na kama kijana aliruhusiwa kuingia na mtu.